Fundi Asiyeingia Dukani

Ukimuuliza mtu yeyote pale nyuma ya maghala ya reli, Nakuru, fundi Sitati alienda wapi, atakwambia aliua injini ya watu akahama. Atasema hivyo bila hata kuacha anachokifanya. Mimi hupaka magari rangi hatua chache kutoka mahali Sitati alipofanyia kazi, na kwa miaka mingi tulikunywa chai ya birika moja, kwa hivyo nikiyasikia maneno hayo damu hunichemka. Lisemwalo lipo, wanasema. Mengine hayapo, ila yamesemwa na mtu mwenye gari.

Sitati alitoka Kimilili akiwa kijana, akafikia kwa mjomba wake aliyekuwa na kazi kwenye reli. Ufundi aliusomea mashambani kule Njoro, kwenye matrekta ya ngano, kisha akaja mjini kujifunza injini za petroli. Hakuwa amekaa sana kwenye gereji yake ya kwanza kabureta ya mteja ilipopotea. Mwenye gari alisema ni yule mgeni. Walimpiga kando ya barabara, mbele ya watu, mpaka jino likang'oka, na kesho yake kabureta ikapatikana kwenye buti ya gari la yule yule mwenyewe, imefungwa kwa gazeti. Hakuna aliyekuja kumwambia pole. Nadhani angewasamehe kipigo, lakini kule kunyamaza kwao hakukusamehe.

Sasa, mji wetu una desturi yake. Mwenye gari hununua spea mwenyewe. Sitawatetea mafundi, ni wao waliotufikisha hapo, kwa sababu wengi wao hupatana na muuzaji mlango wa nyuma na mteja hulipia mpaka chakula chao cha mchana. Kwa hivyo mteja huenda dukani na fundi wake, fundi anakagua, mteja anatoa pesa, na kila mmoja anamtazama mwenzake kwa jicho la pembeni. Sitati alizidisha. Yeye hakuingia dukani kabisa. Alimweleza mteja kinachotakiwa, akamsindikiza hadi mlangoni, akasimama nje na mikono ameikunja, mgongo ameuelekeza dukani, asije mtu akasema amemkonyeza muuzaji. Wenye maduka walimtania. Walimuuliza kama leo pia amekuja kulinda mlango. Wateja nao walimpenda kwa hilo, na sifa zake zilifika mpaka Molo.

Mimi nilimwambia mara nyingi kwamba huo uaminifu wa kusimama nje ni ujinga. Macho yanayokijua chuma yalikuwa yake, siyo ya mteja.

"Muiruri, wewe hujawahi kuitwa mwizi," alinijibu.

Ni kweli, sijawahi.

Ndipo akaja Cherop. Huyu alikuwa mama wa Olenguruone, kule juu Mau, mfanyabiashara wa minji, yaani njegere mbichi, na kabeji. Alikuwa na Subaru ya zamani aliyoing'oa viti vya nyuma, akaijaza magunia. Alfajiri aliteremka na minji hadi sokoni Nakuru, na jioni alipanda na mzigo wa wenye maduka, unga, sukari, na msimu wa kupanda, mbolea. Aliendesha mwenyewe. Gari lilinunuliwa kwa jasho lake la minji, lakini kitabu cha gari kilikuwa na jina la mume wake, Kiptum, kama ilivyo kawaida kwa mambo mengi yanayonunuliwa kwa jasho la wanawake.

Injini ilikuwa imechoka. Ilikuwa injini ndogo isiyo na turbo, na kule juu hewa ni nyepesi, gari likipanda na mzigo linahema kama mzee kwenye ngazi. Wanunuzi wa minji hawangoji mtu. Minji iliyofika saa tatu ni chakula cha ng'ombe. Cherop alikuwa amewapoteza wateja wawili wakubwa, na alisema hayo akiwa amesimama, bila kulia, ila aliuzungusha ufunguo wa gari kwenye kidole mpaka nikaona aibu kumtazama.

Sitati alimwelekeza vizuri. Wangeweka bloku nyingine, ule mwili wa chuma wa injini, wafunge turbo, lakini kwa kuwa mfuko haukuwa mnene, pesa yote iende kwenye vitu viwili ndani ya bloku: pistoni na konrodi. Alitumia mkono wake na ngumi yake kumwonyesha. Pistoni ni ngumi, inapigwa na moto kutoka juu. Konrodi ni mkono unaoishika ile ngumi na kuipeleka nguvu chini kwenye kranki, ule mhimili unaozunguka. Turbo ikishindilia hewa, ngumi inapigwa zaidi, na mkono mwembamba utavunjika hata kama ngumi ni nzima.

"Usinunue mpya, mathe, mpya ni za watu wa mashindano," alimwambia. "Tafuta injini ya turbo ex-Japan imekufa kichwa, lakini chini iko sawa. Nunua hiyo nzima. Tutatoa pistoni zake na konrodi zake, zile za kiwanda. Pistoni za turbo ziko na bakuli juu, si flat. Konrodi ni nene, na kila moja iko na kofia yake ya kuibana kwa kranki, wamezichonga pamoja. Usikubali zimechanganywa. Na turbo nitaiweka ipulize kidogo tu. Ukitaka rahisi, punguza upepo, usipunguze chuma."

Cherop aliyarudia maneno yote, neno kwa neno, mara mbili. Nilikuwa hapo, nikikwangua mlango wa pikapu. Alielewa kuliko mafundi wengi ninaowajua.

Lakini pesa ilikuwa nyumbani, na nyumbani kulikuwa na Kiptum.

Aliposhuka Nakuru kununua, Kiptum alikuja na koti la ngozi na simu kubwa. Ni mtu wa maneno. Alikuwa ametazama video za watu wanaounda magari ya mbio, basi akajiona amehitimu. Cherop alikuwa nyuma yake kidogo. Sitati alieleza tena kila kitu, akawasindikiza hadi kwa muuza vyuma vikuukuu, akasimama nje na mgongo wake. Kiptum akaingia. Cherop aliambiwa angoje kwenye gari.

Walirudi na gunia. Sitati alilimwaga juu ya kipande cha turubai, na kabla hajasema kitu niliona mabega yake yameshuka. Pistoni zilikuwa zimesuguliwa kwa brashi ya waya zikang'aa, lakini vichwa vyake vilikuwa bapa, za injini isiyo na turbo. Konrodi zilikuwa nyembamba. Kofia zake zilikuwa zimechanganywa, namba za kofia moja hazikulingana na za konrodi yake. Muuzaji alikuwa amezichota kwenye ndoo.

"Boss, hizi si zile," Sitati alisema.

"Ni zile zile. Hata hizi ni poa kuliko zile zako. Flat inapiga nguvu zaidi, mimi nimeona."

"Inapiga nguvu, ndiyo. Lakini turbo ikiongeza yake, hii konrodi haiwezi. Rudisha, wakupe injini nzima. Kama hawana, tungoje."

Kiptum alicheka, akamgeukia mke wake, kisha akatugeukia sisi sote tuliokuwa pale, kwa maana alitaka wengi wasikie.

"Sasa naelewa. Uko na mtu wako wa kukuuzia hiyo injini nzima, si ndiyo? Ulitaka ukule hapo katikati. Mimi nimenunua kwangu, sasa spea imekuwa mbaya."

Mwingine angecheka tu, au angemtukana. Sitati aliinama akaanza kuokota konrodi moja moja. Kila fundi pale alikuwa ameacha kazi anasikiliza. Mji huu, fundi akikataa spea ya mteja, hakuna anayefikiria chuma. Wote hufikiria pesa. Niliuona mdomo wake ukicheza mahali lile jino lilipokuwa.

"Nitazifunga," alisema. "Lakini sema mbele ya hawa, na mbele ya mama, ni wewe umezileta na mimi nimekataa."

"Nimezileta. Funga."

Mwana akililia wembe, mpe. Ndivyo tunavyosema, na tunasema tukidhani damu itamtoka mwana peke yake. Nilimwambia Sitati jioni ile kwamba awarudishie bloku yao wakafungiwe kwingine. Tuligombana, nilimwita mpumbavu. Alisema akikataa, kesho kutakucha kila duka linasema fundi asiyeingia dukani kumbe alikuwa anakula kupitia dirishani. Alifunga ile injini ili asiitwe mwizi. Hiyo ndiyo sababu yake yote, na mimi sijaiona nyingine.

Aliifunga kwa uangalifu wa mtu anayemvisha maiti. Alibishana na zile kofia, akazilinganisha alivyoweza, akaibana turbo ipulize kidogo kabisa. Injini iliwaka mara ya kwanza. Ilinguruma vizuri, sitasema uongo.

Msimu ule Cherop alistawi. Minji ilifika kabla ya jua. Alirudisha mteja mmoja kati ya wale wawili aliowapoteza, na akipita pale kwetu alituachia maziwa lala kwenye chupa, akimwita Sitati "fundi yangu". Kiptum naye alipita, akamgonga Sitati begani na kumwuliza kama sasa ameona. Sitati alijibu kwamba ameona. Lakini kila gari lile lilipoondoka, aliinua kichwa akasikiliza mpaka sauti ilipopotea barabarani.

Konrodi ilikatika msimu wa kupanda. Cherop alikuwa anapanda kilima baada ya Keringet, nyuma amebeba mbolea. Chuma kilitoboa bloku, oili ikamwagika barabarani, injini ikazima na breki zikawa nzito mguuni. Gari lilirudi kinyumenyume na mzigo wote, likatumbukia mtaroni. Hakufa mtu. Cherop alivunjika mkono wa kulia karibu na kifundo, na mvua ikainyeshea mbolea ya watu.

Walikuja Nakuru kwa pikapu, Kiptum na ndugu zake, na Cherop ameketi mbele na mkono kwenye plasta. Hawakuenda polisi. Walienda kwa Waithaka, mwenyekiti wa mafundi wa eneo letu, na Waithaka akaita kikao kwenye kibanda chake cha kuchomelea. Kipande cha konrodi kiliwekwa juu ya meza. Kiptum alizungumza kwa muda mrefu na kwa ufasaha. Alisema alikabidhi gari zima kwa mtu aliyejiita mtaalamu, na mke wake nusura afe.

Sitati akaeleza yake. Alisema alikataa, na Kiptum alikubali mbele ya watu kwamba spea ni zake. Waithaka akauliza ni watu gani. Mafundi wenzetu walitazama viatu vyao. Wengine wao hununua vyuma kwa yule yule muuzaji wa ndoo, na wengine hawakumpenda Sitati tangu zamani, kwa kuwa mtu anayesimama nje ya duka anawafanya wanaoingia waonekane wezi. Nikasema mimi nilisikia, neno kwa neno. Nilisema kwa sauti, labda kubwa kupita kiasi.

"Wewe na yeye mnakunywa chai moja," Waithaka alisema. "Na wewe ni mtu wa rangi. Keti."

Kisha akamgeukia Cherop. Alimwita mama, akamwuliza kwa upole, kwa kuwa yeye ndiye aliyeumia na ndiye mwenye kazi. Aseme alichosikia.

Cherop alikuwa ameyarudia maneno ya Sitati mara mbili mbele yangu: bakuli, unene, kofia. Alikuwepo pale gunia lilipomwagwa. Alimsikia mume wake akisema nimezileta, funga. Alimtazama Kiptum, akawatazama mashemeji zake waliojaa mlangoni, akautazama mkono wake.

"Mimi sijui mambo ya chuma," alisema. "Ninachojua ni fundi ndiye alifunga."

Waithaka alimwuliza Sitati kama ni kweli.

"Ni kweli," Sitati alisema. "Mimi ndiye nilifunga."

Yakaishia hapo. Kwa kuwa hakuwa na cha kuwafidia, walichukua sanduku lake la spana, lile kubwa la chuma alilolijaza spana moja moja tangu Njoro. Wanaume wawili walilibeba hadi kwenye pikapu. Nilisimama njiani, nikasukumwa. Sitati aliniambia niwapishe. Jioni hiyo hakunywa chai, na kabla ya mwezi kuisha alikuwa amehamia Karagita, kule Naivasha, ambako mke wake alikuwa amepata kazi ya kupanga maua kwenye shamba moja. Wanaishi chumba kimoja cha kupanga. Mkewe anatoka na giza, anarudi vidole vimechomwa na miiba. Sitati anaziba pancha za boda boda chini ya mwavuli uliopasuka. Mtu aliyezijua injini kwa kusikiliza tu, sasa vijana wanamharakisha na tyubu mkononi.

Cherop alinijia mwaka huu, plasta imetolewa lakini kifundo hakinyooki vizuri. Alitaka kujua Sitati yuko wapi. Nilimjibu vibaya, siwezi kuyarudia hapa. Hakuondoka. Mwisho nilimpeleka, kwa sababu nilitaka amwone Sitati alivyo.

Tulimkuta amechuchumaa kwenye beseni la maji, anatafuta tundu kwenye tyubu. Alisimama akampa Cherop kigoda, akamwuliza mkono unaendeleaje.

"Fundi," Cherop alisema, "ile siku ningesema vile mambo ilikuwa, ningerudi kwa nani? Gari ni yake, shamba ni ya baba yake, watoto ni wa kwao. Wewe ungeshinda, halafu mimi?"

Sitati aliendelea kuizungusha tyubu mpaka mapovu yakatokea, akatia alama.

"Nataka kuweka injini tena," Cherop aliendelea. "Naogopa. Hakuna mwingine naamini. Niambie tena ninunue gani."

Nilidhani atamfukuza, na Mungu anisamehe, nilitamani amfukuze. Badala yake alikausha mikono kwenye suruali na kumweleza yote upya. Alikunja ngumi, akaonyesha mkono. Pistoni zenye bakuli. Konrodi nene, kila moja na kofia yake. Injini nzima iliyokufa kichwa. Cherop alirudia kila kitu.

"Lakini usiseme ni mimi," Sitati alisema alipomaliza. "Bwana yako akijua ni mimi nimesema, atanunua zingine makusudi. Mwambie ni yeye aliota, ni yeye aliona kwa simu. Ifanye iwe yake."

"Na wewe?"

"Mimi ni nini? Nenda, gari zitakuacha."

Alichukua tyubu nyingine. Sauti yake haikuwa ya msamaha. Ilikuwa ya mtu aliyeshindwa akajua ameshindwa, na ule uchungu sikuwahi kuuona usoni pake hata walipolibeba sanduku.

Wiki iliyopita Kiptum alileta ile Subaru kwangu. Injini mpya inavuta, nilisikia tangu kwenye kona. Alitaka nipake upande uliochubuka mtaroni. Alikuwa na watu wawili wa Olenguruone wanaotaka kuweka turbo kwenye magari yao, wamekuja na yeye awachagulie spea, maana kule juu sasa yeye ndiye mjuzi. Akafungua boneti mbele yangu akaanza kuwafundisha. Bakuli. Unene. Kofia.

"Na hii yote nilimwambia yule fundi Sitati kutoka mwanzo," alisema, kama mtu asiyekumbuka kwamba nilikuwepo. "Nilimwambia achukue za turbo. Akakataa, akanifungia takataka. Karibu aniulie bibi."

Wale wawili walitikisa vichwa kwa huruma. Mimi nilimtazama Cherop. Alikuwa kwenye kiti cha dereva, mlango wazi, ule mkono mbovu juu ya usukani. Alinitazama pia, mara moja, kisha akayageuza macho kwenye mlango uliochubuka.

"Fundi," aliniuliza, "hii rangi itakauka lini?"

Nikamwambia amwulize bwana yake, si sasa yeye ndiye fundi.